Pini ilinichoma mdomo nikaona damu, maumivu sikuyasikia

Mimi ni fundi cherehani, nashona kwenye baraza moja hapa Moshi mjini mwaka wa kumi na nne sasa, na fundi yeyote anayesoma hapa anajua ile tabia yetu ya kubana pini mdomoni, hata ukikatazwa huachi, maana unampima mtu mikono yote miwili imeshika kitambaa sa pini utaziweka wapi kama sio mdomoni. Basi Aprili 2022 nilikuwa nabana upindo wa gauni jeupe la komunyo ya kwanza, mtoto kasimama juu ya stuli, mama yake kakaa pembeni, ghafla naona tone jekundu kwenye kitambaa. Roho ikanilipuka nikajua nimemchoma mtoto. Nikamwambia pole mama, nimekuchoma wapi? Yule mtoto akaniangalia usoni akasema, "Anti, damu inatoka kwako." Nikapeleka kidole mdomoni nikakuta pini imezama kwenye mdomo wa chini upande wa kulia, imesimama yenyewe, na mimi sikuwa nimesikia chochote.

Nimeamua kuandika hili kwa sababu pini ile ndo ilikuwa taarifa ya kwanza ya saratani ya damu niliyokuwa nayo, na mimi nikachukua zaidi ya miezi miwili kuielewa, na watu niliowaendea nao wakachukua muda huohuo. Ningejua mapema kwamba kidevu kufa ganzi bila sababu ni jambo la kupima damu siku hiyohiyo, ningeokoa jino langu, hela zangu na damu nyingi sana.

Usiku ule nyumbani nilisimama mbele ya kioo nikachukua kichwa cha pini, ule upande butu, nikawa najigusa kidogo kidogo kutafuta ganzi inaanzia wapi inaishia wapi, na kila mpaka nilipoukuta nikaweka alama kwa chaki ya kushonea. Nilipomaliza nikaona umbo limekaa vizuri kabisa, kutoka kona ya mdomo kulia, ikashuka mpaka ncha ya kidevu, ikasimama katikati kana kwamba kuna mtu kapiga mstari kwa rula. Upande wa kushoto mzima. Shavu zima. Mdomo wa juu mzima. Na mdomo haukuwa umepinda, nacheka vizuri, napiga mluzi vizuri, ni kusikia tu ndo hakuna. Mume wangu aliponiona na chaki usoni akaniuliza unafanya nini mama Neema, nikamwambia nachora ramani, akatikisa kichwa akaenda kulala maana yeye ni dereva wa kosta Moshi Arusha na alfajiri lazima awe stendi.

Afu yakaanza mambo madogo madogo ya aibu, chai inatiririka kidevuni sina habari, punje ya wali imeganda mdomoni naongea na mteja, mwanangu ndo ananionyesha kwa kidole, mama futa hapa. Kila mtu akawa na lake. Jirani akasema hiyo ni stroki inakuja kaa chonjo. Mama yangu kule Kibosho akasema umelalia upande mmoja na dirisha lipo wazi. Shangazi yeye alisema kuna mtu hafurahii biashara yako, na nakiri kuna siku mbili tatu nililiwaza hilo nikawa namwangalia vibaya fundi mwenzangu wa baraza la pili, dada wa watu hana hatia yoyote, na baadae ndo alikuja kuwa wa kwanza kunichangia damu. Nilishamwomba msamaha ila bado linaniuma.

Kwenye wiki ya tatu nikasema hili ni jino. Nilikuwa na gego la chini kulia limetoboka miaka mingi, haliumi, lipo tu. Nikaenda kwenye kliniki moja ya meno, sitaitaja, nikaeleza kidevu kimekufa ganzi, yule bwana akaangalia mdomoni kama nusu dakika akasema ni hilo gego limegusa mshipa tuling'oe. Hakuna picha ya taya, hakuna swali lingine. Likang'olewa. Jamani ile damu. Nilitoka saa tano asubuhi nikiwa nimeng'ata pamba, saa mbili usiku bado natema damu, nikabadilisha pamba, nikasukutua maji ya chumvi, nikalala nimekaa na taulo kifuani, asubuhi taulo limelowa limekuwa gumu kama limepigwa wanga. Nikarudi kliniki wakanishona nyuzi mbili na kuniambia wengine damu yao ni nyepesi. Siku ya tatu ndo ikakata. Na ganzi iko palepale.

Sasa hivi nikikaa nikikumbuka naona dalili zilikuwa zimejipanga foleni zote zinanisubiri nizione. Mapaja yalikuwa na madoa ya bluu bluu, nikasema ni kugonga meza ya cherehani. Miguu kwenye ugoko ilikuwa inauma kwa ndani usiku, nikasema ni kukanyaga pedeli kutwa nzima. Kupanda ngazi tatu za duka la vitambaa napumua kama nimekimbia, nikasema damu imepungua nikawa nakunywa rozela na juisi ya bitiruti. Jasho la usiku nikasema ni blanketi. Kila moja nilikuwa na jibu lake, ila sikuwahi kukaa nikaziweka zote kwenye meza moja.

Juni tukaenda Arusha kwenye sendoff ya mdogo wangu, nikalala kwake Ngaramtoni kule baridi kwelikweli, asubuhi naamka kunawa uso sabuni inaingia jicho la kulia nafumba halifumbi. Nikaangalia kioo, sasa hapo mdomo umevutwa kushoto, paji la uso upande wa kulia limelala halikunjiki. Wote wakasema baridi hiyo, upepo umempiga. Dispensari niliyopelekwa nao walisema hivohivo, kupooza kwa neva ya uso, kunatokea sana na kunapona, wakanipa predinisoloni za siku saba na mafuta ya jicho.

Naomba hapa msome taratibu maana ndo sehemu ambayo watu wengi hawaijui na mimi ilikaribia kunimaliza. Zile predinisoloni zilinipa nafuu. Siku ya tatu nikaanza kula vizuri, maumivu ya ugoko yakaondoka, jasho likaisha, jicho likaanza kufumba nusu, hata kidevu nikawa nasikia kama sisimizi wanatembea. Nikatoa ushuhuda kanisani. Niliimba! Baadae daktari akanieleza kwamba dawa hiyo ni moja ya dawa zenyewe za kutibu aina ya saratani niliyokuwa nayo, inaua seli zake kwa haraka, kwahiyo ukipewa siku chache bila kujua, ugonjwa unajificha kidogo tu, vipimo vinaweza kuja vimechanganyikiwa, afu zile seli zilizobaki zinarudi na hasira. Kupooza uso kwa kawaida kweli kunatibiwa na dawa hiyo na watu wengi wanapona hakuna shida, sisemi msiinywe. Nasema kama uso umepooza na wewe una michubuko isiyoeleweka, au homa homa, au damu imepungua, au ganzi sehemu nyingine, omba wapime damu kwanza kabla hujameza kidonge cha kwanza. Kile kipimo kinaitwa FBP, picha nzima ya damu, mimi nilikilipia 15,000. Jino kung'oa na kushonwa nililipa zaidi ya hapo.

Wiki mbili baada ya vidonge kuisha yakarudi yote, na mapya. Nilikuwa natunga uzi kwenye sindano nikaona matundu mawili. Nikafumba jicho moja nikaona moja, nikafumbua mawili. Nikajua ni macho ya uzee, ila nina miaka 36. Kichwa kikawa kinauma asubuhi nikiamka, natapika, afu mchana nafuu. Mume wangu akakataa kabisa kwenda kazini siku ile, akasema gari lina mwenyewe na wewe una mimi, akanichukua mpaka hospitali. Tukamkuta daktari mdogo kabisa, yupo mazoezini, kiumri angeweza kuwa mdogo wangu wa mwisho. Aliniamkia shikamoo mama. Akaniuliza shida ilianza lini, nikaanzia kwenye kichwa, akasema hapana, nataka kitu cha kwanza kabisa ambacho hakikuwa kawaida. Nikamwambia pini. Nikamchorea kwa kidole ule mpaka niliochora kwa chaki. Akachukua kipande cha pamba akakisokota ncha akawa ananigusa huku nimefumba macho, akafata mstari uleule, kisha akauliza, "Mama, kuna mtu ameshakupima FBP tangu Aprili?"

Hakuna.

Majibu yalitoka mchana. Chembe nyeupe ambazo kwa mtu mzima zinatakiwa ziwe kati ya 4,000 na 11,000 zangu zilikuwa 74,000. Damu ilikuwa imepungua mpaka 6.2. Chembe sahani, zile zinazogandisha damu, zinatakiwa zisipungue 150,000, mimi nilikuwa na 17,000. Nikaelewa palepale kwa nini taulo lililowa. Yule dokta alikaa, hakusimama, akavuta kiti karibu akamwita na mume wangu, akasema chembe hizi nyeupe ni nyingi ila ni changa, hazijakomaa, nadhani ni saratani ya damu na leo hii mnakwenda hospitali ya rufaa ya KCMC. Akaandika barua kwa mkono wake ukurasa mzima na kwenye barua ameandika kidevu, tarehe ya kidevu, na jina la dawa nilizopewa Arusha. Sijawahi kuona barua ya rufaa ndefu vile.

KCMC wakanitoboa mfupa wa nyonga kuchukua uboho, inauma ndio, sio ile ya kupiga kelele ila ni maumivu ya kuvutwa ambayo huwezi kuyaelezea. Jibu likawa lukemia kali ya limfoblasti, ndo hiyo saratani ya damu yenyewe. Wakataka kunitoa maji ya uti wa mgongo ila hawakuweza kunichoma mgongoni na chembe sahani 17,000 maana ningevujia damu kwenye uti, kwahiyo kwanza niongezewe. Hapo ndo madereva wenzake na mume wangu wakaja, wale mnaowaona wanagombania abiria stendi, walikuja kwenye makoti yao wakajipanga kutoa damu, na mama wa yule mtoto wa komunyo akaja, na fundi wa baraza la pili. Yale maji yalipotoka nilimwomba sista anionyeshe, yalikuwa meupe safi kama maji ya chupa, nikafurahi nikasema basi huko hakuna kitu. Kwenye hadubini yakakutwa yamejaa seli.

Nilimuuliza daktari bingwa, kwa nini kidevu jamani, kwa nini saratani ya damu ianze kujionyesha kidevuni. Alinieleza kwa kuchora. Ndani ya mfupa wa taya la chini kuna mfereji, neva inapita humo inachukua habari za meno, afu inatokea kwenye kitundu kidogo hapa pembeni ya kidevu inasambaa kwenye mdomo wa chini na kidevu basi. Kazi yake ni kusikia tu, misuli haiendeshi, ndo maana mdomo wangu mwanzo haukupinda. Sasa seli za lukemia zinajaa kwenye uboho, na taya ni mfupa una uboho pia, zinaweza kuibana neva humo humo mferejini, au zinaingia kwenye ganda la neva lenyewe, au zinaiwahi huko juu inakotokea chini ya ubongo. Neva ya uso na ile inayogeuza jicho kwenda nje nazo zinapita kwenye maji yaleyale, kwahiyo zikaja kufata kwa zamu. Akasema ganzi ya kidevu mara nyingi ni jipu la jino au taya limeumia au sindano ya ganzi ya kwa daktari wa meno, ila ikitafutwa sababu mdomoni ikakosekana, daktari yeyote anatakiwa aanze kufikiria saratani, ya damu, ya tezi za limfu, hata ya titi. Kwa mtu aliyekwisha tibiwa titi ganzi hiyo inaweza kuwa ndo habari ya kwanza kwamba imerudi.

Na wodini nilikuta sipo peke yangu kwenye mambo ya neva. Kaka mmoja wa Mwanga alianza na mgongo kuuma afu miguu ikakosa nguvu, wakamtibu mgongo wiki nyingi kumbe uvimbe wa seli hizohizo umekaa unabana uti. Bibi mmoja chembe zake nyeupe zilikuwa zimepita 200,000, kwake ilianza masikio kuvuma na macho kuona ukungu, maana damu ikijaa seli kiasi hicho inakuwa nzito inashindwa kupita kwenye vimishipa vidogo vya jicho na ubongo. Yule kaka alifariki Septemba. Tulikuwa tunagawana mtori mama yangu akileta, yeye anapenda wa moto sana.

Matibabu sitayaeleza yote. Kemo kwenye mshipa, na kemo nyingine ya kuchomwa mgongoni moja kwa moja, kwasababu dawa nyingi za kwenye mshipa hazivuki ukuta unaolinda ubongo, seli zikijificha huko zinakaa salama. Zamani kabla hawajaanza kutibu ubongo na uti, watoto wengi wa lukemia walikuwa wanaonekana wamepona afu ugonjwa unarudi kupitia hukohuko. Nimechomwa mgongoni mara kumi na tatu, na kila nikichomwa niliambiwa nilale chali saa kadhaa bila mto. Moja ya dawa za mshipa ni vinkristini, inatokana na lile ua dogo la pinki lenye petali tano asili yake Madagaska, ambalo kwetu linaota tu nje ya nyumba hakuna anayelijali. Nilipoambiwa nililia, kwa mama Kibosho yapo njia nzima ya kwenda shambani.

Ila dawa hiyo nayo inaumiza neva! Mwezi wa pili wa matibabu vidole vya mikono vikaanza ganzi, malapa yanachomoka mguuni natembea siyasikii, nikachanganyikiwa nikajua ugonjwa umerudi. Daktari akanituliza, akasema ganzi ya dawa hiyo inaanzia ncha za vidole, kulia na kushoto sawa sawa, inapanda taratibu, wewe nipigie simu ikija ya upande mmoja, au usoni, au kuona mbili, au kichwa na kutapika asubuhi. Hayo maneno niliyaandika kwenye daftari la vipimo vya wateja, ukurasa wa kwanza. Kwa fundi kukosa vidole ni kitu kigumu sana, miezi saba sikuweza kuokota pini mezani, binti ninayemfundisha ndo alishika baraza, na kikoba chetu cha kina mama kikasimamisha marejesho yangu bila hata kuwaomba, Mungu awalipe.

Kwa mnaosoma na mna kaganzi mahali, sitaki muogope. Ganzi nyingi ni sukari, ni mishipa imebanwa, ni upungufu wa vitamini B12, na nyingi zinatibika. Mimi nawasihi hivi tu, ukienda hospitali taja kitu cha kwanza hata kama unaona ni cha kijinga, mimi pini niliona aibu kuisema sehemu mbili za kwanza. Chora mpaka wa ganzi upige picha na simu ikiwa na tarehe. Sema na yale mengine, michubuko, fizi, uchovu, jasho, yaseme yote kwa mtu mmoja siku moja. Na usiondoke bila FBP. Na wewe daktari au nesi au mtu wa meno unayesoma hapa, nakuomba kwa heshima, kabla ya koleo uliza. Ukimgusa kidevu kwa pamba ni dakika moja.

Gauni la komunyo lile damu haikutoka, nilinunua kitambaa kingine nikalishona upya na mtoto alivaa, picha anayo mama yake. Mimi sasa nipo kwenye vidonge, kimoja kila siku, vingine mara moja kwa wiki, na napima damu kila mwezi. Jicho linafumba. Uzi nautunga mwenyewe. Pini siku hizi nachomeka kwenye kimto nimekifunga mkononi kama saa. Kidevu kimerudi karibu chote, imebaki sehemu kama shilingi mia hapa chini ya kona ya mdomo, na kila asubuhi kabla sijafungua baraza naigusa na kijiko cha chai kilichotoka kwenye maji baridi. Jumanne iliyopita nilisikia baridi.